Kijana Anapoaga Kwenda Safari Ndefu ya Baiskeli

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama uko jikoni endelea na kazi yako, ila sogeza redio karibu kidogo, maana mazungumzo ya leo yana mambo mengi.

Wiki iliyopita tulizungumza juu ya uji wa mtoto wa miezi sita. Leo ninataka tumzungumzie yule mtoto ambaye ameshakua, ana ndevu mbili tatu kidevuni, amemaliza shule, na jioni moja anakuambia, "Mama, mimi na wenzangu tunataka kwenda safari ya baiskeli. Tutarudi baada ya wiki tatu." Unamuuliza mnaenda wapi, naye anakujibu, "Uganda na Tanzania."

Utafanya nini? Wengi wetu tutapiga kelele kwanza, kisha tuulize. Tunaona kwamba hayo ni mambo ya wageni. Ninyi mlio karibu na Marsabit, Isiolo na Nanyuki mmewaona wakipita, baiskeli zao zimebeba mifuko kila upande. Mwaka wa 2003 ilianzishwa safari ya kundi inayotoka Cairo kule Misri hadi Cape Town, Afrika Kusini, nayo hupita kwetu. Lakini tusisahau kwamba hata neno boda boda lilizaliwa kwetu, Busia, wanaume wakibeba abiria kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka kabla pikipiki hazijafika. Baiskeli ni yetu pia, na vijana wetu wameanza kusafiri nayo. Heri tujue namna ya kuwaandaa kuliko kuwakataza halafu waondoke usiku bila kuaga.

Jirani yangu, hapa karibu na Nyahururu, alifanya jambo la busara. Mwanawe alipomwambia habari hiyo, alinifuata mimi. Ilikuwa Januari mwaka wa 2024, baada ya zile mvua kubwa za El Niño. Vijana walikuwa watano, wavulana wanne na msichana mmoja. Mpango wao ulikuwa kupakia baiskeli juu ya matatu hadi Kisumu, halafu kuzunguka Ziwa Victoria lote: Kisumu hadi Busia, Jinja, Kampala, Masaka, mpaka wa Mutukula, Bukoba, Biharamulo, Geita, Mwanza, Musoma, mpaka wa Sirari, Migori, Kisii, na kurudi Kisumu. Ni zaidi ya kilomita 1,300.

"Sista," mama akaniambia, "nimempakia blanketi mbili na sweta tatu. Lakini nikilala naota simba."

Nilimwambia simba wapo, maana barabara ya kutoka Mwanza kwenda Musoma inapita kando ya Serengeti karibu na Lamadi, na hapo vijana wasiingie vichakani kupiga picha. Lakini simba hakuwa wa kwanza katika orodha yangu, wala wa kumi. Nikampa ushauri mwingi, na karibu wote ulikuwa mzuri. Jambo moja nililisahau, na nitawaeleza baadaye jinsi kusahau kwangu kulivyokaribia kumgharimu mtoto wa watu.

Tuanze na joto. Kijana wetu amezaliwa na kukulia kwenye baridi. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, Kisumu iko mita 1,100 na kidogo. Akishuka kule mwili wake haujazoea kupoa kwa jasho. Unahitaji wiki moja hadi mbili kujifunza. Kwa hiyo siku tano za kwanza wasishindane. Waanze safari alfajiri, wapumzike kivulini kuanzia saa tano na nusu hadi saa tisa alasiri, kisha waendelee kidogo. Zile sweta tatu tulizitoa. Tukaacha moja, tukatia shati mbili nyepesi za mikono mirefu na kofia ya kuvaa wakati wa kupumzika, maana barabarani kichwani ni helmeti tu.

Mtu anayeendesha baiskeli juani anaweza kutoa jasho lita moja kwa saa, na wengine hutoa zaidi. Sasa sikilizeni hapa vizuri. Jasho si maji matupu. Ukiramba mkono wako unaonja chumvi. Kijana akitoka jasho siku nzima na kunywa maji matupu tu, chupa baada ya chupa bila chakula, chumvi ya mwilini inapungua na anaanza kuumwa na kichwa, vidole vinavimba, anatapika, anaongea maneno yasiyoeleweka. Wenzake wanadhani ana kiu na wanamwongezea maji. Hiyo inamzidishia ugonjwa.

Lilitokea kwa mmoja wao siku ya tatu, kati ya Busia na Iganga. Kijana mwenye nguvu kuliko wote, aliyekuwa akienda mbele na kuwacheka wengine, alianza kutapika, akasema daraja linatembea. Alikuwa amekunywa maji mengi tangu asubuhi na hakula kitu isipokuwa ndizi mbili. Yule msichana ndiye aliyekumbuka tulivyozungumza. Wakamlaza kivulini, wakasimamisha gari, wakampeleka kituo cha afya kilichokuwa karibu. Alikaa huko hadi kesho yake.

Dawa yake tunaijua sisi akina mama kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo tunayompa mtoto anayeharisha. Ni ORS. Kila mmoja abebe pakiti kumi. Soma maandishi ya pakiti, maana nyingine ni za maji ya nusu lita na nyingine za lita nzima. Wakikosa pakiti, wapime lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, nayo isawazishwe. Chumvi isizidi, tafadhali. Ikiwa na ladha ya chumvi kuliko machozi, mwaga uanze tena. Na chakula chenye chumvi kisikosekane: githeri, mayai ya kuchemsha, supu, ugali na samaki. Safari ya namna hii si wakati wa kujinyima chakula. Kijana mmoja aliniuliza kama soda inatosha. Soda ni sukari, anywe akitaka, lakini haichukui nafasi ya ORS.

Watajuaje kama maji yanatosha mwilini? Watazame mkojo. Ukiwa mweupe kidogo kama maji ya limau, ni vizuri. Ukiwa kama chai ya rangi, wamechelewa. Kijana akiacha kutoka jasho, ngozi ikawa moto na akili ikavurugika, huyo amezidiwa na joto na anaweza kufa. Aingizwe kivulini, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe huku wakitafuta gari la hospitali. Akiwa hana fahamu asinyweshwe kitu chochote.

Tumesema maji safi. Maji ya mto, ya ziwa na hata ya bomba kwenye miji midogo yanaweza kuleta kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Barabarani huwezi kuchemsha kila saa, kwa hiyo wabebe dawa ya klorini, ya vidonge au ya chupa kama WaterGuard. Kwanza maji machafu yachujwe kwa kitambaa safi, kisha dawa itiwe kwa kipimo kilichoandikwa, halafu wasubiri nusu saa. Vijana hawapendi kusubiri. Mwambie wako awe na chupa mbili, moja ya kunywa, nyingine inasubiri. Chakula kiwe cha moto kinachotoa mvuke, na tunda liwe la kumenya mwenyewe. Saladi iliyokatwa tangu asubuhi hotelini waiache kwa mwenye hoteli. Akiharisha, ORS, akiona damu kwenye choo au akiwa na homa pia, aende kituo cha afya siku hiyo.

Sasa tugeukie ziwa lenyewe. Mtu akiwa ametoka jasho siku nzima, halafu akaona maji yale ya bluu yakimwita, kuna mwenye moyo wa kukataa? Lakini ukingoni mwa Ziwa Victoria kuna konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo huingia kwenye ngozi nzima, isiyo na kidonda, mtu akiwa amesimama tu majini. Kukausha mwili haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea. Waoge maji ya ndoo yaliyochemshwa au yaliyokaa kwenye mtungi siku nzima baada ya kutekwa. Kama mmoja wao amechovya mwili ziwani, hata mara moja, apimwe wiki 6 hadi 8 baadaye. Dawa ipo na hutolewa mara moja.

Kabla ya safari kuna sindano, na hapa nina neno na akina mama. Sisi wanawake tunapochukua mimba tunachomwa sindano ya pepopunda, na kadi zetu zinaonyesha. Lakini mvulana wako alichanjwa lini mara ya mwisho? Wengi wao walichanjwa wakiwa wachanga, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, wakasahauliwa hapo. Mwendesha baiskeli huanguka. Anaanguka kwenye udongo, kwenye changarawe, kwenye mavi ya ng'ombe. Mpeleke apate sindano ya kuongeza nguvu. Mwanangu wa jirani alikunja uso kuliko mtoto wa chekechea, lakini alichomwa.

Ya pili ni homa ya manjano. Hii si ya kuchagua. Mipakani huombwa cheti, na ugonjwa wenyewe upo: hapa Kenya ulitangazwa Machi 2022 baada ya watu kuugua kule Isiolo. Chanjo ipatikane angalau siku 10 kabla ya kuvuka mpaka, na tangu mwaka wa 2016 cheti kimoja kinatosha maisha yote. Kadi hiyo ya manjano ifungwe ndani ya karatasi ya nailoni pamoja na kitambulisho na hati ya kusafiria.

Halafu mbwa. Mbwa wengi wana chuki na kitu kinachozunguka. Mbwa akikimbiza baiskeli, heri kushuka na kuiweka baiskeli katikati yenu kuliko kupiga pedali na kuanguka. Akiumwa au akakwaruzwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, pima kwa saa, si kwa kukisia. Kisha aende kuchanjwa kichaa cha mbwa siku ile ile, hata kama mbwa ana mwenyewe na mwenyewe anaapa. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hakuna dawa.

Popo nao. Eneo la Kagera huko Tanzania, ambako barabara hii inapita, lilipata ugonjwa wa Marburg mwaka wa 2023, na Januari 2025 ukatokea tena Biharamulo. Yote miwili ilikwisha baada ya miezi michache. Kabla ya kuondoka ulizeni ofisi ya afya kama kuna mlipuko wowote njiani. Wasiingie mapangoni na wasile nyama ya porini, hata wakikaribishwa kwa heshima.

Sehemu nyingine nitapita haraka kwa sababu mnazijua. Baiskeli iwe na breki zinazoshika na taa mbele na nyuma, kijana avae ile jaketi ya kung'aa, wafuatane mmoja nyuma ya mwingine. Barabara ya Busia ina malori mengi ya mizigo. Lori likija nyuma na lingine mbele, washuke kwenye udongo, wasibishane nalo. Saa kumi na mbili jioni wawe wamefika wanapolala. Kuhusu makalio, ambayo vijana wanaona haya kuyataja: kukaa kwenye tandiko siku nzima huchubua ngozi, na mchubuko wenye jasho hugeuka jipu. Kila jioni aoge sehemu hizo kwa sabuni, akauke vizuri, abadilishe suruali ya ndani, na asubuhi apake mafuta ya mgando. Vidole vikifa ganzi aubadilishe mkao wa mikono kwenye usukani. Msichana naye asisahau pedi za kutosha, maana katika miji midogo si kila duka lina anazozitaka.

Na mama, usinifokee. Kijana wa miaka 20 aliye mbali na nyumbani kwa wiki tatu anahitaji kuambiwa habari za kondomu. Akipata ajali ya jambo hilo, au akilazimishwa, kuna dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinazoanzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora zaidi. Kama wewe unaona haya kumwambia, mlete kwangu. Mimi sioni.

Sasa malaria, ambayo ndiyo sababu hasa ya kuwaletea mazungumzo haya.

Watu wa kando ya ziwa hupata malaria tangu utotoni, na wakubwa wao huwa na kinga kidogo. Wanaugua, lakini mara nyingi mwili unajua kupigana. Sisi wa nyanda za juu hatuna kinga hiyo. Mbu mmoja wa Bugiri au Geita akimuuma kijana wa Nyahururu, ugonjwa unaweza kumwangusha kwa siku chache. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyezaliwa Siaya lakini akakulia Nairobi. Asidanganyike kwa sababu jina lake ni la huko. Ile chanjo ya malaria mliyoisikia, iliyoanza kutolewa kwetu mwaka wa 2019, ni ya watoto wadogo, haimhusu kijana huyu.

Wanapolala kwenye hema au chumba cha bei nafuu walale ndani ya neti yenye dawa. Mbu wa malaria huuma hasa usiku, kuanzia giza linapoingia hadi alfajiri, kwa hiyo jioni wavae suruali ndefu na soksi na wapake dawa ya kufukuza mbu. Pia kuna vidonge vya kuzuia. Kimoja kinachotumiwa sana ni doxycycline, kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo la malaria, siku zote za safari, na wiki 4 baada ya kutoka. Kinafanya ngozi iungue na jua upesi, ndiyo maana nilisisitiza mikono mirefu. Hakifai kwa mama mjamzito wala mtoto wa chini ya miaka 8. Kuna vingine pia, na mhudumu atachagua kulingana na afya ya mtu. Mwenye selimundu azungumze na daktari wake kabla ya kupanga safari yoyote ya huko.

Wote watano waliondoka na vidonge vyao. Walivuka Busia, wakapita msitu wa Mabira, wakapiga picha kwenye mstari wa ikweta kule Kayabwe. Karibu na Mwanza walivuka kwa kivuko kutoka Busisi hadi Kigongo. Siku hizi, tangu Juni 2025, hapo pana daraja la kilomita 3. Mama alikuwa akipata ujumbe wa simu kila jioni. Siku ya 22 walirudi, weusi kwa jua, wembamba, wakicheka. Kuku alichinjwa.

Kijana aliona safari imekwisha, na vidonge akaviacha vikiwa na wiki nne mbele. Hakuna aliyemwambia aendelee. Nilikuwa nimemwambia mwanzoni, kati ya mambo ishirini mengine, na hakushika. Sikumwandikia. Hilo ndilo jambo nililosahau. Niliandaa kwenda, sikuandaa kurudi.

Siku ya 11 nilikutana naye langoni kwao. Akaniambia, "Sista, mwili wote unauma." Nikacheka. Nikamwambia, "Hilo ni tandiko, lala." Nikaenda zangu kwenye mkutano wa akina mama wenye watoto wachanga.

Mama yake alimpa dawa ya maumivu. Homa ikashuka, ikapanda tena. Kesho yake alienda duka la dawa, akauziwa vidonge vya homa ya matumbo bila kupimwa chochote. Huku kwetu malaria ni nadra, kwa hiyo hata muuza dawa hakuifikiria, na kijana hakusema ametoka wapi. Siku ya nne usiku mama alinibishia mlango. Mwanawe alikuwa akiweweseka, akimwita mwenzake aongeze hewa kwenye tairi. Macho yalikuwa ya manjano. Tulimpima kwa kile kipimo cha haraka, tone moja la damu kutoka kidoleni, majibu chini ya dakika 20. Mistari miwili. Tulimpeleka hospitali kwa gari la jirani, akachomwa sindano za artesunate kwenye mshipa, na kwa siku mbili mama yake na mimi hatukuzungumza mengi.

Alipona. Ninawaambia hivi ili mjue kwamba hata aliyevaa yunifomu anaweza kucheka mahali pasipo pa kucheka.

Kuna msafiri mmoja wa zamani, Kazimierz Nowak wa Poland. Mwaka wa 1931 alianza safari kutoka Tripoli, Libya, akashuka Afrika yote hadi kusini kabisa na kurudi kaskazini hadi Algiers, kwa baiskeli na kwa miguu na kwa farasi, miaka mitano. Jangwa halikumwua, wala wanyama. Alifika kwao mwaka wa 1936, na Oktoba 1937 akafa kwa nimonia akiwa na miaka 40, mwili umeshachoshwa na malaria. Wakati wake hakukuwa na kipimo cha dakika 20. Sisi tunacho, hata zahanati nyingi ndogo zinacho.

Kwa hiyo mama, safari ya kijana wako haiishi siku anapoegemeza baiskeli ukutani. Malaria kali mara nyingi hujitokeza kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu, na aina nyingine hukaa hata miezi. Kwa miezi mitatu baada ya kurudi, homa yoyote, kichwa, kutetemeka, kuumwa viungo, hata kuhara, ipimwe malaria siku hiyo hiyo. Usingoje kesho. Hata kama alimeza vidonge vyote bila kukosa, apimwe, maana hakuna kinga inayozuia mia kwa mia. Hata mwaka mmoja ukipita, bado atamke. Maneno yenyewe ni machache: "Nilisafiri Uganda na Tanzania." Ayaseme kwa karani, kwa muuguzi na kwa daktari, hata kama hajaulizwa. Akishindwa kusema, wewe sema.

Akipatikana na malaria isiyo kali atapewa dawa ya AL, dozi 6 kwa siku 3. Ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Ameze pamoja na chakula au maziwa, na amalize zote hata akijisikia vizuri siku ya pili. Lakini akitapika kila anachomeza, akishindwa kusimama, akipumua haraka, akipata kifafa, mkojo ukawa mweusi, macho yakawa ya manjano au maneno yakachanganyika, usihangaike na vidonge vya nyumbani. Tafuta gari.

Kijana huyo alinitembelea tena mwezi wa Agosti uliofuata. Safari hii wanataka kwenda pwani, Voi hadi Mombasa na kuteremka Lunga Lunga mpaka Tanga. Malaria iko huko pia, nikamwambia. Akasema anajua, amekuja kwa vidonge. Mama yake alikuwa nyuma yake na kalenda ya ukutani, ile ya kanisa, ameishika mkononi. Alikuwa amezungushia wino mwekundu siku ya kurudi, kisha siku ya mwisho ya vidonge wiki nne baadaye, kisha mwisho wa mwezi wa tatu. Akaniuliza kama amehesabu sawa. Tulihesabu pamoja kwa vidole. Alikuwa amekosea siku mbili tu.

Muda wetu umekwisha. Wenye maswali niandikieni kupitia stesheni, au mje kliniki siku ya Jumanne, siku ya kupima watoto uzito, nami nitawapokea hata kama mtoto wenu ana ndevu. Wiki ijayo tutazungumza juu ya minyoo ya tumbo. Kwaherini.